Redio Chini ya Mkwaju

Ndugu msomaji, pengine nawe unaye nyumbani kwako mzee mmoja ambaye kila aonapo kijana ametia mguu ukumbini na jezi mpya, hukohoa kidogo, akaitazama dari, kisha akaanza: "Sisi zamani..." Mimi ninaye. Ni mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yangu, mkulima na mfugaji wa Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, kaskazini ya jiji la Dodoma. Umri wake umevuka miaka sabini na mitano na meno yamepungua, lakini ukimwuliza habari za Agosti 10, 1974, atakusimulia kama mtu aliyetoka uwanjani jana.

Naye hakuwapo uwanjani. Mchezo ule baina ya Yanga na Simba, wa kumpata bingwa wa taifa, ulichezwa Nyamagana, Mwanza. Simba walitangulia, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, na Sunday Manara akapachika bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Mjomba aliuona mchezo huo wote kwa masikio, ameketi juu ya kigoda chini ya mkwaju, na kijiji kizima cha wanaume kikiwa kimechuchumaa kumzunguka.

Redio yenyewe ilikuwa ya National, imevikwa gamba la ngozi lenye vitundu, na mjomba aliinunua kwa fedha za karanga. Waya wa shaba ulitoka mgongoni mwake ukapanda hadi tawi la juu la mkwaju, maana bila waya huo Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kama mtu anayezungumza huku akikaanga bisi. Mkumbuke pia kwamba miaka ile watu wa mkoa wetu walikuwa wamekusanywa vijijini si zamani, katika Operesheni Dodoma ya 1971. Majirani wengi walikuwa hawajazoeana. Kila mtu alikuwa bado anahesabu mbuzi wake kwa wasiwasi kila jioni. Nadhani ile redio ilifanya kazi kubwa ya kuwafanya wawe wanakijiji kuliko mikutano mingi.

Palikuwa na taratibu zisizoandikwa popote, nazo zilifuatwa. Mwenye redio peke yake ndiye aliyeruhusiwa kugusa kitufe cha sauti. Kila aliyekuja alitoa chochote kwa ajili ya betri: senti kidogo, au kikombe cha karanga, au yai. Mtoto aliyekohoa mara tatu aliondolewa. Na bao lilipofungwa, hakuna aliyeshangilia mpaka mjomba alirudie kwa kinywa chake mwenyewe, kwa maana mara nyingi mngurumo wa idhaa ulilimeza jina la mfungaji, na watu walikwisha wahi kurukaruka kwa bao la wapinzani wao. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zilipoadimika, betri zilianikwa juu ya jiwe tangu asubuhi ya siku ya mchezo ili zipate nguvu ya kufika jioni. Sisi watoto tulipewa kazi ya kuzigeuza juani kama watu wanaogeuza dagaa.

Sikujua sura ya mchezaji hata mmoja. Gazeti lilifika Haneti likiwa na umri wa majuma, na picha zake zilikwisha kuwa kivuli kitupu, kisha likaishia kufungia tumbaku. Kwa hiyo kila mmoja wetu alijiumbia wachezaji wake. Sembuli wangu mimi alikuwa jitu lenye mguu kama kinu, kwa sababu ya yale mashuti yake yaliyosifika. Ahmed Jongo alipokuwa akitangaza, tuliamini kwamba yeye mwenyewe anakimbia pembeni mwa mpira. Siku nyingi baadaye, nilipokuwa mtu mzima tayari, nilionyeshwa picha ya Sembuli, nikasikitika kidogo moyoni kama mtu aliyeibiwa.

Sasa tuje kwenye mambo ya leo. Televisheni ilianza kutufikia sisi wa bara kuanzia 1994, ilipofunguliwa ITV, lakini kwa watu wa vijijini ilikuja kwa mlango wa nyuma, yaani vibanda umiza: chumba cha mabati, jenereta, kiingilio, na mabenchi ya mbao yanayostahili jina hilo la kuumiza. Huko ndiko vijana wetu walikojifunza mpira wa Uingereza, ikawa si ajabu kumkuta mchunga ng'ombe wa Kigogo akibishana juu ya Arsenal. Azam ilipoanza kurusha matangazo yake mwishoni mwa 2013, ligi yetu nayo ikaonekana kwa picha, na mwaka 2021 mkataba wa kuionyesha kwa miaka kumi ukafikia shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo ndizo zilizobadilisha mengi kuliko tunavyokubali. Klabu iliyokuwa ikiishi kwa michango ya wanachama na huruma za matajiri wachache sasa inauza jezi, inauza picha, inauza hata siku.

Ndiyo, siku. Mwaka 2009 Simba, wakati wa uenyekiti wa Hassan Dalali, walianzisha Simba Day, nayo waliipanga Agosti 8, sikukuu ya wakulima. Yanga nao mwaka 2019 wakaanza Wiki ya Mwananchi. Kwa msomaji asiyefuatilia, niseme tu kwamba hii si mechi hasa, ingawa mechi ya kirafiki huwamo ndani yake. Ni mkutano wa wapenzi wenyewe. Wanakuja kuwaona wachezaji wapya wakiitwa mmoja mmoja kwa mbwembwe, kusikiliza wanamuziki, kununua jezi ya msimu, na zaidi ya yote kuonana wao kwa wao. Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioanza kutumika 2007, una viti 60,000, na siku hiyo hauna nafasi ya kuweka hata kikapu. Utamwona mtu mzima amejipaka rangi nyekundu usoni, amevaa manyoya ya simba shingoni na mkia nyuma. Ya mwaka 2023, aliyehudhuria kama mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan.

Mjomba huitazama habari hiyo katika simu za watu na kutikisa kichwa. "Mpira hauchezwi, wao wanashangilia kitu gani? Wanashangilia nguo?" Wala si yeye peke yake katika dunia hii. Kule San Diego, Marekani, wapenzi wa vitabu vya katuni walianza mkutano wao mwaka 1970 wakiwa watu wapatao 300. Siku hizi huja zaidi ya 130,000, wengi wakiwa wamevaa mavazi ya mashujaa wa sinema na wa michezo ya kompyuta, na wazee wao waliouanza nao hulalamika kwamba umekuwa soko. Wazee ni ukoo mmoja.

Lakini malalamiko ya mjomba yana sehemu ambayo siwezi kuicheka. Zamani, asema, tuliitwa wapenzi wa timu. Leo neno ni shabiki, na mashabiki wengi wa kijijini kwetu hawajui tena kuusikiliza mpira bila kuwa wameweka fedha juu yake. Vijana wa Haneti wanaochimba vile vito vya kijani viitwavyo krisopresi, na wenzao wa bodaboda, wana karatasi au namba katika simu waiitayo mkeka. Neno zuri hilo, mkeka, tulilolitumia kwa ajili ya kumkaribishia mgeni na kumlazia mtoto, sasa ni orodha ya timu kumi na mbili za nchi wasizozijua, na jioni wanaambiana "mkeka umechanika." Nimemwona kwa macho yangu baba wa watoto watatu, kijana wa ukoo wetu, akiukalia mkeka wa namna hiyo mpaka fedha za alizeti zikaisha kabla alizeti yenyewe haijatoka ghalani. Mkewe hakusema neno. Alikwenda kuazima debe la uwele kwa mama mkwe.

Basi nirudi kwenye kisa chenyewe, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mjomba anaye mjukuu wa kike, binti wa miaka ishirini na miwili, fundi cherehani hapa Dodoma mjini. Binti huyo ni Simba. Lilipotokea jambo hilo, akiwa bado shule ya msingi, mjomba alilipokea kama ugonjwa wa utotoni utakaopona. Haukupona. Kila akija nyumbani hubishana na babu yake, na ubishi wao unapendeza. Mjomba humwambia kwamba ardhi ya Haneti yenyewe ni Yanga: chini ina mawe ya kijani, juu ina alizeti ya njano, sasa utakataaje? Binti huchota udongo mwekundu wa uwanjani akaumwaga polepole mbele ya miguu ya babu yake, bila kusema kitu.

Mwaka 2024 binti huyo alitangaza kwamba anakwenda Simba Day, iliyopangwa Jumamosi ya Agosti 3. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam Julai hiyo hiyo, nauli ya kawaida ikiwa shilingi 31,000. Alikuwa ameweka akiba kutokana na kushona sare za shule. Alikuwa na jezi, alikuwa na tiketi ya mzunguko, na alikuwa na wenzake watano, wote wasichana. Alikuja Haneti kuaga, kama ilivyo adabu.

Niliwakuta katikati ya vita. Mjomba alikuwa amesimama, jambo ambalo halifanyi siku hizi bila sababu. Alikuwa akisema kwamba fedha hizo ni magunia kadhaa ya mahindi ikiwa mwaka utakuwa mbaya, kwamba Dar es Salaam si Kibaigwa, kwamba msichana hapigi kelele mbele ya wanaume elfu sitini akiwa amejipaka rangi. Kisha akaleta ushahidi wake wa siku zote: "Sisi zamani tulikaa chini ya mkwaju ule. Hakuna aliyepoteza hata senti. Hakuna aliyejifanya mnyama. Tulikuwa watu wenye heshima."

Mkaza mjomba alikuwa jikoni akisonga ugali wa uwele. Ni mwanamke wa maneno machache. Katika utoto wangu wote sikumbuki amewahi kumkatiza mumewe mbele ya watu. Alitoka akiwa na mwiko mkononi.

"Na mtamba?" akauliza.

Mjomba akanyamaza.

"Mweleze mjukuu wako habari za mtamba."

Ndugu msomaji, mimi nilikuwapo chini ya mkwaju siku hiyo nikiwa na miaka tisa, wala sikuwa najua. Ilikuwa Jumanne, Julai 19, 1977. Kila mpenzi wa Simba anaijua tarehe hiyo kama siku ya kuzaliwa kwake: Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu, Jumanne Hassan 'Masimenti' mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Ninachokumbuka mimi ni kwamba baada ya bao la nne mjomba hakurudia tena majina, na kwamba baada ya la sita alizima redio kabla mtangazaji hajaaga. Nilidhani anaokoa betri.

Kumbe asubuhi ya siku ile alikuwa ameshindana na shemeji yake, kaka wa mkewe, Simba wa kutupwa. Shemeji aliweka mbuzi wawili. Mjomba, kwa kuwa alikuwa na uhakika, aliweka mtamba mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa. Kesho yake kabla ya jua kuchomoza mtamba akaswagwa kwenda nyumbani kwa wakwe, na kijiji kikaambiwa amekwenda kuazimwa, kama ilivyo desturi yetu Wagogo ya kuwekeana mifugo.

"Babu," binti akasema, "uliweka mkeka?"

Niliogopa mjomba atakasirika. Aliketi. Akaanza kutengeneza fimbo yake ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Mkaza mjomba alikuwa hajamaliza. Alieleza kwa sauti ile ile ya kupoa kwamba siku zote za mkwaju, yeye alipika. Wanaume thelathini wakija kusikiliza mpira, wanakula. Mlenda huchumwa mbali, maji huchotwa mbali zaidi. Aliusikia mpira kwa vipande, kati ya kisima na jiko, na kila alipokaribia kusogea, mazungumzo yalinyamaza mpaka apite. Katika miaka yote ile hakusikiliza mchezo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Heshima ilikuwapo," alisema. "Mimi ndiye niliyeibeba kichwani, pamoja na kuni."

Nilitazama chini. Mara ngapi katika ukurasa huu nimeandika juu ya mkwaju ule kwa maneno matamu, na mara ngapi nimemtaja aliyepika?

Kisha akasema jambo ambalo lilimwangusha mjomba kuliko mtamba. Alisema kwamba tangu Julai 1977 yeye ni Simba. Alisema alipomwona yule mtamba akirudi kwa kaka zake, ng'ombe wa mahari wakiwa wamekwisha kwenda kwa njia hiyo hiyo miaka mitatu kabla, alicheka peke yake kisimani mpaka mtungi ukamponyoka. Akaona timu iliyoweza kumletea furaha hiyo inastahili kupendwa. Miaka arobaini na saba alikuwa amekaa na siri hiyo katika nyumba ya Yanga.

"Mama," nikamwuliza, "mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Binti alikwenda. Alisafiri Ijumaa, akashuka Dar es Salaam, na kesho yake akatutumia picha: yeye na wenzake, nyuso nyekundu, mkono wa mmoja umeshika bango lililoandikwa maneno ya msimu ule, Ubaya Ubwela. Simba waliwafunga APR ya Rwanda mabao mawili kwa bila. Nilipomwuliza aliporudi kama alifurahia mchezo, alifikiri kidogo akajibu kwamba mchezo hakuuona sana. Alichokumbuka ni kwamba mama mmoja wa Tandika, mtu mzima kama bibi yake, ambaye hakumjua kabisa, alimfunga khanga kiunoni pale umati ulipobana ili wasipoteane, wakakaa wamefungwa hivyo mpaka usiku. Nikawaza ile redio, na wale majirani wa 1971 waliokuwa hawajazoeana. Nimejaribu kumweleza mjomba kwamba ni kitu kile kile. Amekataa kabisa, na huenda anayo haki, maana pale mkwajuni hapakuwa na mtu anayeuza chochote.

Hata hivyo uaminifu wa watu siku hizi una miguu myepesi. Haji Manara, mwana wa yule Sunday Manara wa Nyamagana, alikuwa msemaji wa Simba kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2021 akahamia Yanga. Ungedhani mjomba alifurahi. Alisema mwana wa Sunday hakupaswa kuondoka nyumbani hata mara moja, na kwa hiyo kurudi kwake si habari.

Mwaka 2025 sherehe ya Simba ilisogea hadi Septemba, kwa kuwa Agosti nchi yetu ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Safari hii binti hakwenda Dar es Salaam. Alikuja Haneti na simu yake, na betri ya akiba ya kuichajia. Alilitafuta lile gamba la ngozi la redio ya National, ambalo limebaki tupu likihifadhia mbegu za maboga, akalisimamisha juu ya kinu chini ya mkwaju na kuegemeza simu juu yake. Kisha akamletea bibi yake kigoda. Ugali wa siku hiyo aliupika yeye tangu saa tisa, akaufunika.

Mkaza mjomba aliketi, akajifunga khanga vizuri, akatazama. Hakusema neno tangu wachezaji walipoanza kuitwa. Watoto wa jirani walisogea, na wanawake wawili waliokuwa wakitoka kisimani wakatua ndoo zao.

Mjomba alikuwa amekwisha tangaza asubuhi kwamba yeye hatazami upuuzi. Alichukua kiti chake akakiweka upande wa pili wa mkwaju, akatupa mgongo, uso wake ukielekea vilimani. Tulimwona akitengeneza fimbo. Mpira ulipoanza, mtandao nao ukaanza kukatika, picha ikawa inasimama na sauti ikiendelea peke yake, ikikwaruza. Sauti hiyo ilipopanda ghafla, na wanawake wakapiga vigelegele, fimbo ilisimama.

"Nani kafunga?" akauliza, bila kugeuka.

Binti alifungua kinywa ili ajibu. Bibi yake akamgusa goti, akangoja kidogo, kisha akalirudia jina kwa kinywa chake mwenyewe.